Fundi wa bunduki tumemsahau makusudi

Sisi wa Kasongo, huku Maniema, Kongo, habari za wenye misafara tunazo hadi kwenye ncha ya ulimi. Muulize kijana yeyote: Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliingia hapa mwaka 1875, mwanawe Sefu akaushika mji, Dhanis, ofisa wa Kibelgiji, akauteka tarehe 22 Aprili 1893. Muulize tena ni nani aliyekuwa akitengeneza magobori yao. Atakutazama tu.

Babu mzaa babu yangu alikuwa fundi bunduki. Kazi hiyo haikuwa na likizo, kwani njia ya Kabambare ililoweka kila kitu: kutu iliingia mtutuni, kitako kikapasuka, kamani ikalegea. Alichonga vitako vipya na kunyoosha vyuma kwa moto wa makaa. Ujira wake ulikuwa merikani, pamba iliyofumwa Massachusetts, ikapakuliwa Unguja, ikabebwa kichwani hadi huku kwetu.

Ukoo unapokutana, wajomba husema alitoka Unguja, tena Mwarabu. Bibi alisimulia mengine. Alisema ni mtoto wa Kibangubangu kutoka upande wa mto Luama, aliyekamatwa angali mdogo, akapewa bwana aliyemfundisha ufundi, na kwa ufundi huo akahesabiwa mwungwana. Wajomba wakimsikia huanza kukohoa. Mimi namwamini bibi. Siku ya matanga ya fundi, ndugu walikuja na mbuzi kutoka Kabambare. Mtu wa Unguja angepata wapi ndugu wa kumlilia huko?

Aibu ya utumwa si sababu pekee ya kufichana. Kwetu, kuitwa mgeni au mjukuu wa mtumwa kunaweza kukugharimu shamba au neno lako mbele ya chifu, ndiyo maana watu huchagua babu kama wanavyochagua shati la Idi. Nawaelewa. Lakini kimya hicho kinawanufaisha wakubwa peke yao. Tippu Tip aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Livingstone, aliyekwama Bambarre, yaani Kabambare, mwaka 1870 kwa vidonda vya miguu, ameacha shajara. Wanaakiolojia nao wamechimba Kasongo-Tongoni, mahali pa mji wa zamani, ila udongo hautaji jina la mwenye nyundo.

Walimu wa Kasongo na Kabambare wana dawa, na haihitaji mfadhili. Kila mwanafunzi apewe kazi ya kumuuliza mzee wake: babu alifanya kazi gani, alifunzwa na nani, alikuwa huru au la? Aandike jibu kama lilivyosemwa, hata likigongana na la jirani. Wabebaji, wafinyanzi, wachonga mitumbwi, wapishi wa misafara, wote wana wajukuu humu mjini.

Daftari letu nimeshalianza, na maneno ya bibi ndiyo yaliyotangulia. Mjomba mkubwa amekasirika. Nimemwachia ukurasa wa pili aandike ya Unguja, ila amweleze msomaji na habari za wale mbuzi.