Mmefuta Ugonjwa wa Ukuta

Jamani, nimechoka na picha za milango ya Mji wa Kale, Mombasa. Ukizitazama utadhani ukuta umepakwa achari, na kila ufa umechongwa kwa kisu. Mtu anavuta rangi mpaka mwisho, anaongeza ukali, kisha anafuta nyaya na mita ya stima (kana kwamba watu wa humo ndani hawapigi pasi). Eti anatuonyesha uzee.

Mimi naandika programu, si fundi wa mawe, lakini hili nalijua: kuta nyingi za pale ni mawe ya matumbawe na plasta ya chokaa. Chokaa hupumua. Ukiiziba kwa saruji, unyevu hunaswa ndani na chumvi hubambua ukuta. Kwenye picha, chokaa na saruji mara nyingi utazitofautisha kwa rangi tu: moja ya maziwa, nyingine kijivu. Ukiitia picha nzima umanjano, zote zinafanana. Umefuta ugonjwa wenyewe!

Kurekebisha mwanga sikatai. Lakini usiniambie utarudisha rangi baadaye. JPEG ya kawaida ina ngazi 256 tu kwa kila rangi. Ukihifadhi juu ya faili ya kwanza, imekwenda hiyo.

Naijua hasara yake. Mwaka 2009 nilipiga picha mlango wa shangazi, nikaigeuza nyeusi na nyeupe ili ipendeze, ile ya asili nikaitupa. Juzi fundi kaniuliza mlango ulikuwa wa rangi gani.