Masomo yameisha, njia ya nyumbani imefungwa



Tangu M23 na jeshi la Rwanda waingie Goma mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi wa pili, tumesema juu ya waliouawa, juu ya waliokimbia, juu ya mazungumzo ya Doha na Washington. Tutaendelea kusema. Lakini kuna kundi moja ambalo halina kambi, na hakuna mtu analihesabu: wanafunzi wetu ambao vita viliwakuta inje. Masomo yao yanaisha, na ruhusa ya kukaa inaisha pamoja nayo. Nyumbani, ndege ya abiria haitui tena.

Wengi wao wanaulizana usiku kwa simu: naweza kubadilisha, nitoke kwa hali ya mwanafunzi niingie kwa hali ya mgeni, nipate muda wa kupumua? Jibu ni ndiyo kwa inchi fulani, hapana kwa zingine, na kila mahali kuna bei yake.

Tuchukue Marekani. Mwanafunzi mwenye F-1 akimaliza masomo anapewa siku 60 za kujitayarisha. Kabla hazijaisha, anaweza kupeleka fomu I-539 na kuomba hali ya mgeni, ile wanaita B-2. Tangu Aprili 2024 bei ni dola 420 kwa intaneti na 470 kwa karatasi. Kama ameipeleka kwa wakati, kwa kawaida anaweza kungoja jibu akiwa ndani. Lakini mgeni hana ruhusa ya kufanya kazi, wala kuanza masomo mapya. Na akitoka inchi wakati jibu halijafika, ombi lake limekufa.

Kuna jambo lingine, na hapo wengi wanajikwaa. Anachobadilisha si viza. Viza ni karatasi ya mlangoni, ile inabandikwa ndani ya pasipoti. Anachobadilisha ni ruhusa ya kukaa. Siku akitoka, atapaswa kuomba viza mpya ili aingie tena. Na tangu Septemba 2025 Marekani inataka kila mtu aombee viza katika inchi yake ao pale anapoishi kwa haki. Kwetu sisi ni Kinshasa. Mtu wa Goma leo, ili afike Kinshasa, anapita kwanza Rwanda ao Uganda ndipo apande ndege.

Mwenye kupuuza haya yote na kukaa tu, atalipa. Akipitisha siku 180 bila ruhusa kisha akatoka, anaweza kufungiwa mlango miaka 3. Akipitisha mwaka mzima, miaka 10.

Inchi zingine ziko na sheria zao. Kanada, kibali cha masomo kinaisha siku 90 baada ya kumaliza, ao ile tarehe iliyoandikwa juu yake kama inafika mbele. Kabla ya hapo mtu anaweza kuomba abaki kama mgeni. Uingereza, mwanafunzi hawezi kugeuka mgeni akiwa ndani. Anapaswa kutoka kwanza. Kwa hiyo shauri la binamu aliye Toronto lisimpoteze ndugu aliye London.

Sasa tufike kwa kile kinatuuma. Ili mtu akubaliwe kuwa mgeni Marekani, anapaswa kuonyesha vitu vitatu: makuta ya kumtosha bila kufanya kazi, pasipoti inayofaa kwa muda wote anaoomba, na kwamba atarudi kwao. Sheria hii iliandikwa kwa mtu mwenye kwao penye amani. Yetu inaonekana namna gani?

Makuta: banki za Goma zilifunga milango tangu muji ulipochukuliwa. Mama mwenye duka Birere, hata kama ameweka akiba miaka kumi, hana guichet ya kumupa karatasi ya konti yake. Franga kidogo inapita kwa simu, lakini ofisa wa uhamiaji anataka karatasi ya banki.

Pasipoti: inchi yetu ilisha kuwa na pasipoti ya dola 185, kati ya zile za bei kali sana duniani. Mwanafunzi ambaye pasipoti yake inakaribia kuisha, na ambasade iko mbali na muji wake, anaweza kupoteza haki yake yote juu ya kitabu kidogo tu.

Kurudi: anaulizwa tarehe ya kurudi. Kurudi wapi? Aandike uwanja gani wa ndege?

Hatusemi kama sheria za wengine ni mbaya. Kila inchi inalinda mlango wake. Tunasema kama mtoto wa Congo anasimama mbele ya huo mlango peke yake, wakati yule wa inchi ingine anasimama na serikali yake nyuma ya mgongo. Kutangaza Goma ni Congo kwenye meza za mazungumzo ni vizuri. Lakini kama Goma ni Congo, basi mwanafunzi wa Goma aliye inje ni mtoto wa serikali, na serikali imutafute.

Kwa hiyo tunaomba:

1. Kila ambasade ya RDC iandikishe wanafunzi wanaotoka maeneo yaliyochukuliwa, ijue ruhusa ya kila mmoja inaisha lini.

2. Pasipoti zao zifanywe upya bila kuwazungusha, na bila malipo ya chini ya meza.

3. Wizara ya Mambo ya Inje itoe barua rasmi inayoeleza kwamba uwanja wa ndege na banki za Goma zimefungwa, ili mwanafunzi aiweke pamoja na ombi lake.

4. Wenye burse za serikali walipwe hadi njia ya kurudi ipatikane.

Kwenu wanafunzi: msingoje siku ya mwisho. Nendeni kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chenu wakati ruhusa bado iko nzima. Msidanganye kwenye karatasi, juu uongo mmoja unaweza kukufuata maisha yote. Na yule ambaye kweli anaogopa kuuawa ao kufungwa akirudi, asijifiche nyuma ya hali ya mgeni: hiyo ni habari ya ukimbizi, na Marekani ombi hilo kwa kawaida linapelekwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia. Atafute avoka haraka.

Hali ya mgeni inaweza kumupa mtu miezi sita hivi. Haimupi kazi, haimupi masomo, haimupi kwao. Kwao ni kazi ya Wacongomani wote, na kwanza ni kazi ya wale tunaolipa ili watuongoze. Wanafunzi hawa walienda kutafuta elimu ya kujenga inchi. Tusiwaache wakawa wageni wa milele, tena wageni ambao hakuna mwenye aliwaalika.