Mzazi wa Mtoto Njiti Si Mgeni Wodini

Mtoto anapozaliwa kwa wakati wake, majirani humiminika kutoa hongera. Anapozaliwa katika wiki ya 29 au ya 30, akapelekwa moja kwa moja chumba cha uangalizi maalumu, watu hukwama: waseme hongera au pole? Wengi hunyamaza. Naye mama hurudi kitandani mikono mitupu, hali maziwa yanamtoka na mwanawe yu ndani ya sanduku la kioo, mrija puani. Ni mzazi, lakini hajapata kumpakata mtoto wake.

Tumezoea kudhani kwamba hapo kazi yote ni ya daktari na mashine, na kwamba mzazi ni mgeni wa kungojea saa ya kutazama wagonjwa. Dhana hiyo imekwisha kukanushwa. Mwaka 1978, mjini Bogotá, Colombia, Daktari Edgar Rey Sanabria, akikabiliwa na uhaba wa mashine hizo, alianza kuwafunga njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba njia hiyo ianze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, isipokuwa kwa mtoto aliye mahututi. Hata huyo asiyeweza kunyonya hupewa kwa mrija maziwa aliyoyakamua mama yake. Na kifua cha baba kina joto vilevile. Hakuna sababu ya yeye kuishia getini na chupa ya chai.

Haya yote yanataka muda. Kwa miaka mingi, siku 84 za likizo ya uzazi zilizowekwa na sheria ya mwaka 2004 ziliisha huku mtoto ndiyo kwanza anatoka wodini. Mwaka 2025 Bunge lilirekebisha sheria za kazi ili mama wa njiti aongezewe muda uliosalia kufikia wiki 40 za ujauzito. Aliyejifungua wiki ya 30 anaongezewa wiki kumi. Ni hatua ya kupongezwa.

Lakini sheria hutekelezwa na ofisa utumishi na mwalimu mkuu, na si wote walio wepesi wa kuisoma. Mwalimu mkuu ambaye mwalimu wake amejifungua njiti asingoje kuandikiwa barua ya pili. Ampangie mtu mwingine vipindi vile leo hii, kisha aende hospitali akampe mama huyo hongera yake.