Gumba Chini Yako Iko na Nguvu, Wacha Kuitupa Ovyo

Wasee wa gemu, tubonge ukweli.

Umefungwa dakika ya 90, umekasirika, unaingia pale ulitoa gemu kwa simu unaipea nyota moja. Chini unaandika: "Takataka." Kesho asubuhi uko hapo tena unaicheza. Sasa hiyo nyota ilisaidia nani?

Nauliza juu hizi rivyu fupi si utani tena. Zinaweza kufanya kampuni kubwa irudi nyuma. Cheki hii risto.

Februari 2024, gemu inaitwa Helldivers 2 iliingia sokoni. Iliundwa na Arrowhead, kampuni ya Uswidi, na Sony ndio waliitoa. Bei dola 40, yaani thao tano na kitu za hapa kwetu. Watu wa kompyuta wakainunua kwa Steam, wakacheza karibu miezi tatu bila stress. Kisha tarehe 3 Mei, Sony wakatangaza kwamba kila mtu wa Steam lazima aunganishe gemu na akaunti ya PlayStation Network.

Shida iko wapi? PSN haiko rasmi kwa nchi nyingi, na Kenya ni moja yao. Ka uko na PS kwa keja unajua vile huenda: akaunti yako inasema unaishi Uingereza ama Marekani, na wewe uko Umoja. Ni kweli hilo sharti lilikuwa limeandikwa tangu gemu ianze kuuzwa. Lakini lilikuwa limesimamishwa, na gemu ikaendelea kuuzwa hata pale PSN haijafika. Doo walichukua. Sasa msee ashalipa ndio anaambiwa adanganye anaishi wapi, ama asahau gemu yake.

Watu hawakungoja. Rivyu mbaya zaidi ya 200,000 zilimwagika Steam ndani ya siku chache. Gemu ikaondolewa sokoni kwa nchi na maeneo 177. Tarehe 6 Mei, Sony wakarudi nyuma. Siku tatu tu!

Mbona iliwork? Kwanza, Steam haikuachi uandike rivyu ka gemu haiko kwa akaunti yako, na kando ya jina lako inaonyesha umecheza masaa mangapi. Mtu amecheza masaa 150 akikupea gumba chini, huwezi sema ni hater. Pili, walidai kitu moja. Wengi hata walisema gemu yenyewe ni tamu, shida ni hilo sharti. Kampuni ikajua haswa inatakiwa kufanya nini.

Lakini tusisherehekee sana. Waliookolewa ni wale walikuwa washanunua. Sony waliporudi nyuma, gemu haikurudi papo hapo kwa zile nchi 177. Msee wa Nairobi aliyekuwa bado anaweka akiba alibaki nje ya duka, anachungulia dirishani.

Sasa geuza shilingi. Juni 2020, The Last of Us Part II ilitoka. Wakosoaji waliipea alama za juu sana, lakini kwa Metacritic watu wa kawaida wakaanza kumwaga sifuri siku hiyo hiyo. Gemu ya kukula masaa zaidi ya 20 kuimaliza, mtu ashaikataa kabla ya lunch! Hapo hakuna mtu alikuwa anaulizwa ka hata ako nayo. Baadaye Metacritic ikaweka kanuni: gemu mpya ikitoka, ungoje masaa 36 ndio uandike. Watu wakipiga kelele bila kucheza, hata mwenye malalamiko ya ukweli haaminiki tena.

Na usidhani wanaolipwa kuandika ndio watakuokoa. Desemba 2020, wengi wao walipewa Cyberpunk 2077 ya kompyuta kabla itoke, wakaipea alama karibu 90. Msee wa PS4 akaweka yake, ikaanza kukwama na kujizima. Karibu wiki moja baadaye Sony wakaitoa kwa duka lao, na ikarudi Juni 2021. Alama haikuwa uongo. Ilikuwa ya mashine ya mtu mwingine.

Hapo ndio wewe unaingia. Anayeandika akiwa London na intaneti ya nyumbani hatakuambia gemu inakula bundles aje. Hajui simu ya RAM ndogo inachemka baada ya dakika ngapi. Hajali ka inacheza bila mtandao stima ikienda na wifi ya ploti ikilala. Hizo vitu ni wewe unazijua, na kuna msee mahali anataka kutoa thao zake za mwisho akikosa mtu wa kumwambia.

Kwa hivyo ukiandika, hata ka ni mistari miwili, sema vitu nne: ulitumia mashine gani, umecheza masaa mangapi, nini haswa imekubamba ama imekukera, na nani anafaa kuinunua. Mfano: "Simu ya RAM 3GB, masaa 12. Picha safi, lakini inakwama wasee wakijaa kwa skrini. Bila wifi utalia. 6 kwa 10, ngoja ipunguzwe bei." Umemaliza. Hiyo inashinda "takataka" mia moja.

Gumba chini ni ka kura. Ukiipiga juu ya hasira ya kufungwa, siku kampuni itakuja kukudhulumu kweli hakuna atakayekuskiza.

Haya, gemu yako ya mwisho uliipea ngapi? Na ulisema ni juu ya nini?