Filta ya oili ya Mini na tambara la mfukoni

Magari ya zamani yana wapenzi wake, na wengi wao ni akina baba. Gari linakaa chini ya turubai wiki nzima, Jumamosi linafunuliwa, na mtoto wa miaka saba au minane anasogea kuuliza hiki ni nini na kile ni cha nini. Safu hii ni ya afya, siyo ya gereji. Lakini kubadilisha filta ya oili nyumbani, tena kwenye gari ambalo injini yake imebanana, kunagusa afya kuliko wenye magari wengi wanavyodhani. Nichukue mfano wa Mini, kale kagari kadogo ka Kiingereza.

Mini ilitoka mwaka 1959. Urefu wake ni kama mita tatu tu, na ili watu wanne wapate pa kukaa, mbunifu wake, Alec Issigonis, aliiweka injini kwa kukingama na giaboksi akaificha chini yake, ndani ya sampu. Vyote viwili vinatumia oili ile ile, kwa hiyo anayechelewa kuibadilisha anaumiza injini na gia kwa mpigo. Filta iko mbele, imebanwa kati ya injini na grili. Mkono wa mtu mzima unaingia kwa kujikunja, na spana ya filta inakosa nafasi ya kuzunguka.

Kwenye gari lenye nafasi, oili inadondokea kwenye beseni. Kwenye Mini mkono wako ndiyo beseni. Filta ikilegea tu, oili chafu inateremka kwenye vidole, inapita kifundo cha mkono na kuishia kwenye kiwiko, na huwezi kuutoa mkono upesi kwa sababu filta bado hujaimaliza kuifungua.

Oili chafu siyo sawa na ile uliyonunua dukani. Ikishazunguka kwenye injini maelfu ya kilomita, inabeba masizi na kemikali zinazotokana na petroli inayoungua, na baadhi ya kemikali hizo husababisha saratani. Panya waliopakwa mara kwa mara oili chafu ya injini za petroli walipata saratani ya ngozi. Sisemi hivi kumtisha mtu. Tone lililomwagika leo na kuoshwa leo si la kukukosesha usingizi. Tatizo ni oili inayokaa kwenye ngozi saa nyingi, tena na tena, mwaka baada ya mwaka.

Waingereza walilijua hili kwa machungu. Mwaka 1922 madaktari wa Manchester, Southam na Wilson, waliandika kuhusu saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani kwa wanaume waliofanya kazi kwenye viwanda vya kusokota nyuzi za pamba. Mashine zilirusha oili ya kulainishia, suruali zikalowa kwenye mapaja na kinena, na watu wakashinda nazo hivyo hivyo. Ugonjwa ulikuja kujitokeza baada ya miaka mingi. Kwa hiyo nikimwona baba anafuta mikono kwa tambara kisha analisukumiza kwenye mfuko wa mbele wa suruali, nawaza suruali ile, siyo injini yake.

Sasa kazi yenyewe. Injini iwe na uvuguvugu, isiwe ya moto wa kuunguza. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Kabla hujaingia chini, gari likae kwenye stendi za chuma, na mtoto asiingie chini hata kuchukua nati iliyodondoka. Mwaga oili ya sampu kwanza. Kisha toa grili, ni skrubu chache tu, na utashangaa nafasi inavyoongezeka. Wanaoona uvivu kuifungua ndio wanaorudi ndani na mikono meusi. Vaa glavu za naitrili na nguo ya mikono mirefu iliyobana. Filta ikishalegea, ivalishe mfuko wa nailoni kabla ya kuimalizia, idondokee humo na oili yake. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, lakini ganda la mkate mkubwa linatosha.

Hakikisha mpira wa filta ya zamani haujabaki umenata kwenye injini. Ukifunga mpya juu yake, oili itatoka kwa kasi mara tu utakapowasha. Mpira mpya upake oili safi kidogo, funga kwa mkono, na ufuate maelekezo ya filta yenyewe kuhusu kukaza.

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji. Petroli na mafuta ya taa vinaondoa uchafu, kweli, lakini vinakausha ngozi na kuipasua. Ovaroli ifuliwe peke yake, siyo na nepi.

Linaloniogopesha zaidi ni chupa. Oili chafu inamiminwa kwenye chupa ya soda, inawekwa kando ya ukuta, na mtoto mwenye kiu anaiona. Tumia dumu lenye mfuniko, liandike, liweke juu, kisha lipeleke gereji inayokusanya oili chafu. Usiipake kwenye nguzo za bembea kuzuia mchwa, maana watoto wanazishika kutwa. Mtoto akinywa oili, na zaidi akinywa petroli au mafuta ya taa, usimtapishe. Akitapika, mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize hospitali, na chupa uibebe.

Mtoto anayetaka kusaidia asifukuzwe. Anaweza kushika tochi akiwa pembeni, kutunza skrubu za grili kwenye kikombe, na kuupaka oili safi ule mpira mpya kabla hamjaanza. Gari likishashushwa na kuwashwa, akae mbali wewe ukiangalia kama kuna kinachovuja. Zima, subiri dakika chache, kisha mwite aje asome kijiti cha oili.