Jalada la Daktari Tarajali



Naomba nafasi katika kurasa zetu niseme neno juu ya madaktari vijana wanaoachishwa kazi kwa ajili ya mwenendo mbaya au kwa kukosa busara kazini. Huenda msomaji akauliza, makarani wana nini na madaktari? Jibu langu ni kwamba barua ya kumwachisha mtu haijiandiki. Karani ndiye aipigaye chapa, karani ndiye aitiaye namba ya jalada, na miaka mitano baadaye, mkubwa aliyeitia sahihi akiisha kuhamishwa, karani ndiye atakayeulizwa mambo yalikuwaje.

Sisi tukaao Mikocheni twawaona vijana hawa kila asubuhi wakingoja gari. Hapa kwetu ndipo kilipoanza, mwaka 1997, Chuo Kikuu kilichoitwa cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki. Mtu akisoma udaktari miaka mitano, hawi daktari kamili siku ile anapovaa joho. Hupewa usajili wa muda na Baraza la Madaktari la Tanganyika, akatumika mwaka mzima hospitalini chini ya wakubwa wake, akipita wodi za magonjwa ya ndani, za upasuaji, za watoto na za wazazi. Huyu ndiye aitwaye daktari tarajali. Si mwanafunzi, maana amekwisha hitimu. Wala si daktari kamili, maana usajili wake ni wa muda. Amesimama kizingitini. Akifukuzwa hapo hapotezi posho ya mwezi tu, maana asipoutimiza mwaka ule shahada yake haimpi ruhusa ya kutibu watu peke yake, na ng'ombe waliouzwa kwao ili asome hawarudi zizini.

Sisemi kwamba asifukuzwe kamwe. Yuko anayemdai mjamzito fedha kabla ya kumshika mkono. Yuko anayeandika kwamba amempima mgonjwa ambaye hakumwona kwa macho. Yuko anayemgusa mwanamke isivyostahili, akasema ni kazi. Watu wa namna hii simwombei hata mmoja radhi. Na akitoka mapema, ndivyo ilivyo heri kwa wagonjwa. Haja yangu ni juu ya yule mwingine, aliyeachiwa wodi usiku, akaona mtoto ana homa, akadhani ni malaria, kumbe ni homa ya uti wa mgongo. Kosa hili laweza kuua kuliko lile la fedha. Walakini si kosa la namna moja, na kabla ya kulihukumu hatuna budi kujua nani aliyekuwa mkubwa wake usiku ule, kama aliitwa, na kama alikuja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 37, yataka mwajiri athibitishe sababu ya haki, nayo yataja mwenendo mbali na uwezo. Kanuni za mwaka 2007 zikafuata kwa kutenga njia mbili. Mwenye mwenendo mbaya huulizwa kama aliijua amri akaivunja. Asiyeweza kazi huulizwa mambo mengine: je, alionyeshwa kiwango kinachotakiwa, akapewa nafasi ya haki kukifikia? Basi makapu ni mawili. Sisi maofisini ndio tuliomimina vyote katika kapu moja, tukaliandika juu yake "utovu wa nidhamu", kwa kuwa maneno hayo twayajua kwa moyo na barua yake tunayo tayari. Watakuwapo watakaosema kwamba tarajali si mwajiriwa kama waajiriwa wengine. Na iwe hivyo. Mtu anayefundishwa astahili kuulizwa kama alifundishwa zaidi kuliko mwajiriwa yeyote.

Mambo haya si ya kwetu tu. Huko Uingereza, mji wa Leicester, tarehe 18 Februari 2011, mtoto wa miaka sita alifariki mikononi mwa daktari aliyekuwa akisomea ubingwa wa watoto, jina lake Hadiza Bawa-Garba. Alikuwa amerudi kazini baada ya likizo ndefu ya uzazi, mkubwa wake hakuwapo hospitalini asubuhi ile, na mashine za kompyuta zilikuwa zimeharibika hata majibu ya damu yakachelewa. Naye mwenyewe alikosea, tena vibaya. Hakuutambua upesi ugonjwa uliokuwa ukienea katika damu ya mtoto. Novemba 2015 mahakama ilimtia hatiani kwa kuua kwa uzembe. Mwaka 2017 baraza la hukumu la madaktari lilimsimamisha miezi 12. Wenye kusimamia udaktari hawakuridhika, wakakata rufaa, na Januari 2018 jina lake likafutwa daftarini. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikalirudisha. Mama wa mtoto aliona amedhulumiwa, na ni nani awezaye kumlaumu? Lakini majaji waliona kwamba kosa kubwa la siku moja, katika hospitali iliyokuwa na kasoro zake nyingi, halikutosha kumwondoa daima mtu ambaye siku nyingine zote alikuwa mwema wa kazi. Hawakusema hana kosa. Ningependa wakubwa wetu waisome hukumu ile.

Kwetu makosa ya mikono mingi hayakukosekana. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa; aliyekuja kwa goti akapasuliwa kichwa, na mwenye kichwa akapasuliwa goti. Wapasuaji wale hawakuwa tarajali. Nalitaja kwa kuwa jina lililosomwa nusu ni kosa ambalo kila karani alijua, ila kwetu huharibu karatasi.

Liko na jambo la tatu ambalo hutiwa katika kapu lilelile. Januari 2012 madaktari tarajali wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili waliacha kazi kwa kuwa hawakulipwa posho zao. Wizara ikawaondoa pale, na madaktari wengine wakagoma. Februari Waziri Mkuu, Bwana Mizengo Pinda, alikwenda kusema nao, na Katibu Mkuu wa Wizara na Mganga Mkuu wa Serikali wakasimamishwa. Mwezi Juni mgomo ukarudi, na Dakta Steven Ulimboka aliyekuwa kiongozi wao akatekwa, akaokotwa katika msitu wa Mabwepande amepigwa vibaya. Mwezi Julai Baraza likasimamisha usajili wa muda wa mamia ya tarajali waliogoma. Siwasifu kwa kuwaacha wagonjwa. Sheria ileile ya 2004 yahesabu afya kuwa huduma isiyokatizwa, nami nadhani ni haki. Lakini jambo lililoanza kwa posho liliishia kuwa kosa la maadili, nami nauliza, katika majalada ya vijana wale neno "posho" limeandikwa ukurasa gani? Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa Serikali katika Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akikiongoza. Tangu siku zile twajua kwamba kudai haki si mwenendo mbaya, hata pale mtu anapodai kwa njia iliyo mbaya.

Sasa nisije nikadhaniwa nataka huruma tupu. Huruma ya maofisini naiogopa kama ukali wake. Kijana amekosa mara tatu, hapana aliyemwandikia neno, na siku ya nne wakubwa wanachoka. Hapo hufanyika moja katika mawili. Ama hufukuzwa kwa ghafula kwa barua ya mistari minne, naye hajui kosa lake la kwanza lilikuwa lipi; ama hupewa barua tamu, "ameondoka kwa hiari yake", akaenda kulipokelewa katika hospitali ya mkoa mwingine ambako hawana habari. Barua hii ya pili ndiyo humwumiza mgonjwa asiyejua kitu. Na zote mbili zatoka katika jalada tupu.

Kwa hiyo nashauri kwamba kila daktari tarajali awe na karatasi yake ya kila wodi, yenye tarehe, jina la mkubwa aliyemsimamia, saa aliyoitwa mkubwa huyo na saa aliyofika, alichoonywa kijana na alichoonyeshwa. Kosa la mwenendo liandikwe upande wake, na kosa la uamuzi upande wake. Mkubwa atie sahihi, na kijana atie sahihi, hata kama hakubali, aandike kwamba hakubali. Nakala moja ikae jaladani, na ya pili apewe kijana mwenyewe siku ileile, si siku ya kufukuzwa.

Karani, Mikocheni