Jina la Tovuti Liwe Mkononi mwa Chama



Shauri la Chama kuwa na tovuti limekwisha kupita, na lililobaki ni kuchagua kampuni ya kutuhifadhia. Mengi yamesemwa mabarazani juu ya jambo hili, na aghlabu ya maneno yamekuwa juu ya bei. Sisi twaonelea bei si swali la kwanza, wala si la pili.

Kwa wale wasiopata kushughulika na mambo haya, twaeleza kwa ufupi. Tovuti yataka vitu viwili mbalimbali. Cha kwanza ni jina, yaani ile anwani anayoiandika mtu katika simu yake ili atufikie. Jina huandikishwa kwa msajili aliyeidhinishwa, nalo hulipiwa kwa miaka. Likipitwa na muda wake bila ya kulipiwa, mwisho wake mtu mwingine aweza kulichukua. Cha pili ni mahali pa kuweka maandishi na picha zetu, napo ni ndani ya kompyuta iitwayo seva, iliyo katika jumba la kampuni, isiyozimwa usiku wala mchana. Jina ni mfano wa hati ya shamba. Seva ni mfano wa ghala ya kukodi. Mwenye kukodi ghala akichoka na mwenye ghala, hubeba magunia yake akaenda kwengine. Lakini ikiwa hati iko sandukuni kwa mtu, huyo ndiye mwenye shamba, hata kama mikarafuu umeipanda wewe.

Sasa, miongoni mwa barua zilizoletwa ofisini imo moja ya kupendeza sana. Aliyeileta yu tayari kututengenezea tovuti, kutuhifadhia mwaka mzima bila ya malipo, na kutuandikishia jina yeye mwenyewe. Wako wanachama waliofurahi, na furaha yao twaielewa, maana mfuko wa Chama hauna ziada. Lakini tulipouliza jina litaandikwa kwa nani, tukajibiwa kuwa litaandikwa kwa kampuni, kwa ajili ya wepesi wa kazi. Hapo ndipo tunapokataa, na twataka wanachama wajue kwa nini.

Mwaka wa kwanza utapita. Jina litakuwa limekwisha pigwa chapa katika kadi zetu, katika pakiti za mdalasini na pilipili manga, na katika barua tunazowapelekea wageni wanaotaka kutembezwa mashamba. (Karafuu yenyewe ina njia yake ya kisheria, na tovuti haiibadilishi.) Mwaka wa pili tutaambiwa bei, na bei yoyote tutakayoambiwa itatubidi tuilipe, kwani kuhama na jina lisilo letu haiwezekani. Na huyo kijana akiacha kazi akenda zake ng'ambo, au kampuni ikafungwa, tutamwendea nani? Wazee wetu waliyajua haya kabla ya kompyuta. Katika miaka ya 1930 mashamba mengi ya mikarafuu yalikuwa yamo rehani kwa wakopeshaji, na mwenye kuchuma na kuanika hakuwa na uhakika kama mavuno ni yake. Mkopo nao ulianza kwa maneno matamu.

Basi sharti letu ni hili: jina liandikishwe kwa Chama, kwa anwani ya barua-pepe ya Chama na si ya mtu, na neno la siri lijulikane na Katibu na Mweka Hazina pamoja, liandikwe katika karatasi iliyotiwa lakiri ndani ya sefu. Makatibu huja na kuondoka. Kampuni isiyokubali sharti hili haifai, hata ingelitulipa.

Tukishika hilo, kuchagua pa kuhifadhi huwa jambo jepesi, maana tukikosea twahama. Hata hivyo yako ya kuangaliwa.

La kwanza ni bei ya mwaka wa pili. Kampuni nyingi, za hapa na za nje, hutangaza kwa herufi kubwa bei ya mwaka wa kwanza, na ya kuendelea wakaitia chini kwa herufi ndogo. Ndiyo makonyo yaliyochanganywa na karafuu: usipoinama ukachambua, utayalipia. Kadhalika wako wanaotoza fedha mbali kwa cheti cha usalama, kile kinachotia alama ya kufuli juu ya anwani. Vyeti hivyo hutolewa bure tangu 2015 na jumuiya iitwayo Let's Encrypt, na kwa tovuti kama yetu vyatosha kabisa. Tukiona cheti kimeandikwa katika hesabu, tuulize.

Wengine hujisifu kuwa nafasi yao haina kikomo. Hakuna ghala isiyo na kuta. Soma masharti yao na kikomo utakiona. Lakini sisi hatuhitaji nafasi kubwa. Maandishi yetu yote na picha mia mbili zilizopunguzwa vizuri hazijazi hata sehemu ndogo ya kifurushi cha chini kabisa. Wanachama wengi watafungua tovuti kwa simu, kwa bando la kununua, na picha nzito zitawala fedha zao hata seva iwe bora namna gani. Anayetaka kutuuzia seva nzima peke yetu atuambie kwanza tutatia nini ndani yake.

Wako pia wanaoahidi kuwa seva yao itakuwa hewani asilimia 99.9 ya wakati. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo ahadi hiyo yaruhusu kiasi cha saa tisa za kuzimika kwa mwaka. Asilimia 99 yasikika karibu sawa, nayo yaruhusu saa 87, yaani siku tatu na zaidi ya nusu. Tofauti ni kubwa kuliko inavyosikika masikioni.

Ama swali la seva iwe wapi, hapa au Ulaya, limegombaniwa sana, na sisi twaonelea limepewa uzito kupita kiasi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja, na intaneti ya Tanzania ikadorora. Siku kama hiyo, tovuti iliyoko Ulaya ni vigumu kwetu kuiona, na iliyoko Dar es Salaam ni vigumu kwa mgeni wa Ulaya kuiona. Kila upande una hasara yake. Sisi twaelekea kampuni ya hapa nchini kwa sababu nyingine: tutalipa kwa shilingi, na siku ya taabu tutapiga simu tukajibiwa kwa Kiswahili na mtu tunayeweza kumwendea.

Linalotutia khofu zaidi ni moto. Tarehe 10 Machi 2021 jumba moja la kampuni ya OVHcloud, mjini Strasbourg, Ufaransa, liliungua likateketea, na tovuti nyingi mno zikapotea hewani siku ile. Nayo si kampuni ndogo. Wako wateja waliokuwa na nakala za akiba, nakala zikakutwa zimo katika jumba lile lile. Nani atakayeweka magunia yake yote na daftari la hesabu chini ya paa moja la makuti? Kwa hivyo, kampuni yoyote itakayochaguliwa, ofisi itachukua nakala ya tovuti nzima kila mwezi na kuiweka katika diski mbili, moja ofisini na moja kwa Mweka Hazina. Kampuni isiyoruhusu mteja kuchukua nakala yake mwenyewe tumekwisha iondoa.

Orodha ya wanachama, simu zao na hesabu ya mikarafuu yao haitatiwa katika tovuti. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022 ipo, na matapeli wa simu wapo pia.

Limebaki la malipo. Mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka, lakini kampuni hudai kila mwaka. Rai yetu ni kwamba katika mwaka wa mavuno mema jina lilipiwe miaka mingi kwa mara moja, majina ya.com na .org yaweza kulipiwa hata miaka kumi. Uhifadhi ulipiwe mwaka mmoja mmoja tu, mavuno yakisha, ili tuwe huru kuhama. Wako watakaosema miaka mitatu ina punguzo. Ni kweli, na punguzo hilo ndilo kamba.

Barua zote, pamoja na ile ya kupendeza, ziko wazi ofisini kwa mwanachama yeyote atakayetaka kuzisoma kabla ya Mkutano Mkuu. Kila tawi nalo lituletee jina moja linalolipendelea, fupi, jepesi kutamkwa na mgeni, na lisilofanana na la mtu mwingine.